Bunduki ya Kaliba Ndogo Isiyo ya Kawaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Leseni Nairobi

Majibu haya ni ya mtu aliye na leseni ya bunduki, au aliye katika harakati za kuiomba, ambaye moyo wake umeangukia risasi ndogo kama .22 Hornet, .218 Bee, .17 Hornet au .222 Remington. Ni risasi nzuri, zenye sauti ndogo na teke dogo, na zinapiga shabaha kwa usahihi unaofurahisha. Ila hapa kwetu zina mitego yake. Asiye na leseni asome kwa kujifunza tu, asiguse chuma.

Tukisema kaliba (upana wa mtutu na aina ya risasi) ndogo isiyo ya kawaida, tunamaanisha zipi?

Ni jamii ya risasi zilizobuniwa, nyingi zikiwa Marekani, kwa ajili ya wanyama waharibifu wadogo wa mashambani: sungura, mbweha, na wale wachimba mashimo wanaovunja miguu ya ng'ombe na farasi. Kichwa cha risasi ni chepesi, kina kasi, na njia yake ni ya kunyooka hadi mita mia na ushee.

Mkongwe wao ni .22 Hornet, ambayo Winchester walianza kuiuza mwaka 1930 baada ya kundi la wapenda bunduki wa Springfield Armory, kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani, kuichezea ile risasi ya .22 WCF ya mwaka 1885. Kichwa cha greni 45 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kinatoka kwa kasi ya takriban futi 2,690 kwa sekunde. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja .218 Bee, iliyozaliwa kutokana na ganda la .25-20. Mwaka 1950 Remington wakatoa .222, kazi ya Mike Walker, na kutoka hapo ukatokea ukoo mzima: .221 Fireball ya 1963, .223 ya 1964, .17 Remington ya 1971 na .204 Ruger ya 2004. Hornady nao wakaleta .17 Hornet mwaka 2012, ganda la Hornet lililominywa shingo libebe kichwa cha greni 20 kwa kasi ya futi 3,650.

Kati ya hizo zote, iliyoenea duniani kweli ni .223 peke yake. Nyingine unaweza kuzunguka maduka yote ya bunduki Nairobi ukarudi mikono mitupu.

Uwindaji si ulipigwa marufuku? Bunduki ya namna hii ni ya nini Kenya?

Ulipigwa marufuku mwezi Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuulegeza. Kwa hiyo matumizi yanayobaki kwa raia wa kawaida ni ulengaji shabaha uwanjani, kama pale Kirigiti, Kiambu, na kwa wengine kuhifadhi bunduki ya familia iliyo na historia.

Naulizwa sana kuhusu tumbili wanaomaliza mahindi, nguchiro wanaobeba kuku, na bweha. Hao wote ni wanyamapori mbele ya sheria, hata wakiwa ndani ya ua lako. Wakikusumbua, piga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Leseni ya bunduki si kibali cha kuwapiga risasi, na kuna watu wema wamejikuta mahakamani kwa kudhani vinginevyo.

Nianze na nini: bunduki, risasi au karatasi?

Anza na risasi, halafu karatasi, bunduki iwe ya mwisho. Wengi wanaanzia mkia. Wanaona bunduki maridadi, wanaitamani, wanahangaika na maombi hadi yapite, kisha wanagundua hakuna muuzaji atakayeagiza maboksi mawili ya .218 Bee kwa ajili ya mteja mmoja.

Nenda kwa muuzaji aliyesajiliwa umuulize maswali matatu: Je, una risasi hii sasa hivi? Mara ya mwisho uliiingiza lini? Ukiiagiza, utakubali kiasi gani cha chini? Akijibu kwa mafumbo, hilo ni jibu tosha. Uliza na wa pili, uliza na wa tatu. Ukishapata uhakika wa risasi ndipo uende kwenye Bodi ya Leseni za Silaha na swali lako la kaliba.

Mzee wetu ametutoka, akaacha bunduki ya BRNO ya .22 Hornet kwenye kabati. Sasa ni yangu?

Bado. Poleni kwanza kwa msiba. Leseni ni ya mtu binafsi na hairithiwi, na bunduki haigawanywi nyumbani pamoja na shamba na mifugo. Familia inatakiwa kutoa taarifa polisi mapema na kuisalimisha bunduki pamoja na risasi zake zote zihifadhiwe, wapewe stakabadhi ya maandishi. Anayetaka kuichukua katika familia anaomba leseni yake mwenyewe na kukaguliwa kama mwombaji mwingine yeyote. Kuiacha kabatini kwa heshima ya marehemu ni kosa, hata kama hakuna anayeigusa.

Chukueni picha za alama zote za mtutu na namba kabla ya kuikabidhi, na stakabadhi ionyeshe namba hiyo hiyo. Bunduki za kale zinafanana, na mwaka mmoja ukipita hakuna anayekumbuka ipi ni ipi.

Nikitaka iliyotengenezwa tayari kwa kaliba hiyo kiwandani, nitafute zipi?

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote, kuliko kubadilisha chemba (nitaieleza hapo chini). Kwa .22 Hornet, BRNO ZKW 465 ya Czechoslovakia bado ni kipenzi changu: nyepesi, bolti yake ndogo (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) imetengenezwa kwa kipimo cha risasi yenyewe, na kasha lake la risasi linatoka kwa chini. Mrithi wake, CZ 527, ilitengenezwa kwa miaka mingi, na kwake utapata pia .222 na .223. BRNO ZKB 680 Fox ilitoka kwa .22 Hornet na .222. Sako wa Finland walikuwa na Vixen, ya mwanzo kwa Hornet, Bee na .222. Ruger 77/22 ilitolewa pia kwa Hornet. Kwa .218 Bee, Winchester Model 43, iliyotengenezwa kuanzia 1949 hadi 1957, ndiyo utakayoisikia zaidi, lakini kuiona ni nadra.

Nairobi soko la mitumba ya bunduki ni dogo na linapitia kwa wauzaji waliosajiliwa. Baadhi ya bunduki za kale zina jina la duka la enzi za ukoloni kama Shaw & Hunter juu ya mtutu. Hilo linaongeza hadithi, haliongezi usalama. Zipimwe kama nyingine zote.

Ukinunua ya .17, hakikisha inakuja na ufito wake mwembamba wa kusafishia na brashi zake. Mtutu wa .17 unachafuka upesi, na ufito wa .22 hauingii humo.

Nitajuaje kaliba halisi ya bunduki ya kale? Imeandikwa tu "22".

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Namba iliyo kwenye jina la risasi ni jina tu. .218 Bee, .219 Zipper, .220 Swift, .222 Remington, .223 Remington na .225 Winchester zote zinabeba kichwa cha kipenyo kile kile, inchi 0.224. Wakati huo huo .22 Savage Hi-Power ya mwaka 1912, ambayo Wazungu wa bara Ulaya wanaiita 5.6x52R, inabeba kichwa kinene zaidi, kama inchi 0.227 au 0.228. Na bunduki za mwanzo za .22 Hornet zilikuwa na mtutu wa inchi 0.223, si 0.224. Kwa hiyo "22" peke yake haikuambii lolote la kutegemea.

Kuna pia majina ya Kijerumani. Ukikuta 5.6x35R kwenye bunduki ya mitutu mitatu au minne, usikimbilie kusema ni Hornet. Hornet huitwa hivyo kwa vipimo vya milimita, lakini kuna 5.6x35R Vierling ambayo hupakiwa kwa shinikizo dogo zaidi, na bunduki zake hazikujengwa kubeba nguvu ya Hornet ya kisasa.

Isitoshe, kuna bunduki zilizobadilishwa chemba miaka ya 1950 na fundi ambaye hakupiga chapa mpya. Mtutu unasema Hornet, chemba inasema jambo jingine.

Njia ya kuaminika ni fundi kumimina umbo la chemba. Anatumia aloi ya bismuthi inayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, chini ya joto la maji yanayochemka, kwa hiyo haidhuru chuma. Anaziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, anamimina, anaacha igande, kisha anaisukuma taratibu itoke nyuma. Kinachotoka ni kipande king'aavu cha rangi ya fedha, chenye kitako, bega, shingo na mwanzo wa michirizi inayozungusha kichwa, kila mkwaruzo wa chemba ukionekana. Aloi hiyo husinyaa kwanza halafu hutanuka, na baada ya saa moja hivi inakuwa na kipimo cha chemba yenyewe. Hapo ndipo anapoipima kwa mikromita. Fundi akikuangalizia tundu kwa tochi na kukuambia "hii ni Hornet, twende", tafuta fundi mwingine.

Kubadilisha chemba maana yake nini hasa?

Chemba ni ile sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi. Kuibadilisha ni kuipanua kwa keekee maalumu iliyonolewa kwa umbo la risasi mpya, kidogo kidogo kwa mafuta mengi, huku fundi akipima kwa geji mbili: moja ambayo bolti lazima iifungie, na nyingine ambayo bolti lazima iikatae. Ikiikubali hiyo ya pili, nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi imezidi, na bunduki haifai kupigwa hadi irekebishwe.

Kanuni kuu ya kazi hii ni kwamba chuma hukatwa, hakirudishwi. Chemba mpya lazima iimeze ile ya zamani yote, urefu na upana. Ikiacha hata pete ndogo ya chemba ya zamani, ganda litavimba hapo na kupasuka.

Halafu kuna mambo manne ambayo keekee haiyagusi, na ndiyo yanayoamua:

Kwanza, kipenyo cha mtutu. Mtutu wa inchi 0.224 hauwezi kuwa wa .17 kwa kukata chemba.

Pili, uso wa bolti. Upana wa ukingo wa kitako cha ganda la Hornet ni inchi 0.350, ukoo wa .222 ni 0.378, na Bee ni 0.408. Bolti iliyokatwa kwa ukingo mdogo inaweza kupanuliwa ikiwa chuma kinatosha. Iliyo pana haipunguzwi.

Tatu, kasi ya mzunguko wa michirizi ndani ya mtutu. Hornet kwa desturi huzunguka mara moja kwa kila inchi 16, kwa hiyo inapenda vichwa vifupi vya greni 35 hadi 45. Ukiugeuza mtutu huo kuwa wa risasi yenye nguvu zaidi ukaupa kichwa kirefu cha greni 60, kitayumba hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu.

Nne, na hili ndilo zito: nguvu ya mwili wa bunduki. Viwango vya Marekani vinaipa Hornet shinikizo la juu la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 49,000 na .223 psi 55,000. Ukubwa wa ganda nao unahesabika, maana kitako kipana kinaisukuma bolti nyuma kwa nguvu zaidi hata shinikizo likiwa sawa. Bunduki ndogo ya Martini, ile iliyokuwa .310 Cadet, imegeuzwa Hornet na Bee mara nyingi ikadumu. Kuna waliosonga mbele hadi .222. Mimi nisingefika huko kwa chuma cha zaidi ya miaka mia moja.

Nina .223. Naweza kuigeuza .222?

Kwa kukata chemba tu, hapana. Bega la .223 liko mbele zaidi ya la .222, kwa hiyo chemba yako tayari ni kubwa mno. Fundi atalazimika kukata nyuma ya mtutu, kuchonga meno upya na kutoboa chemba mpya, au kuweka mtutu mwingine kabisa. Na faida yake? Sijaiona. Unaacha risasi inayopatikana unaifuata inayotafutwa.

Na usipige risasi ya .222 ndani ya bunduki ya .223 ukidhani ni ndogo kwa hiyo ni salama. Itaingia, lakini bega halina pa kuegemea.

Na kinyume chake, .222 kwenda .223?

Hii inawezekana na imefanywa sana. Kipenyo ni kile kile, uso wa bolti ni ule ule, na chemba ya .223 inaimeza ya .222. Angalia mambo mawili. La kwanza ni kasha la risasi: .222 ina urefu wa jumla wa inchi 2.130, .223 ina 2.260, tofauti ya milimita 3 na kidogo, na kwenye baadhi ya bunduki hiyo inatosha kuifanya risasi ikwame. La pili ni michirizi: mitutu mingi ya .222 huzunguka mara moja kwa inchi 14, kwa hiyo kaa na vichwa vya greni 50 hadi 55.

Kuna swali la tatu ambalo ni la Kenya. .223 ni ndugu wa karibu wa 5.56x45 ya kijeshi. Kabla hujalipa fundi hata shilingi, ulizia Bodi kwa maandishi kama wataikubali kaliba hiyo kwenye leseni yako na kwa bunduki ya aina yako. Jibu la mdomo la mtu wa dirishani halikulindi.

Nasikia kuna K-Hornet. Hiyo ni nini, na inanifaa?

Ni Hornet iliyonyooshwa ubavu na kupewa bega kali, kazi ya Lysle Kilbourn ya mwaka 1940 hivi. Ganda linabeba baruti zaidi kidogo, na kasi inapanda takriban futi 200 kwa sekunde.

Kwa mwenye Hornet, haya ndiyo mabadiliko mepesi kuliko yote. Bolti haiguswi, mtutu ni ule ule, kasha ni lile lile. Risasi za kawaida za Hornet bado zinapigika humo, kwa sababu Hornet inashikiliwa na ukingo wake, wenye unene wa inchi 0.065, wala si bega. Ukipiga risasi ya kawaida, ganda linatanuka na kuchukua umbo jipya. Unapoteza kasi kidogo kwa mpigo huo, basi.

Lakini faida ya K-Hornet inaonekana kwa anayejaza maganda upya, yaani kuyatia baruti, fataki na kichwa kipya baada ya kupigwa. Kama unategemea risasi za dukani pekee, umeikata chemba ya bunduki nzuri bila kupata chochote, na kila atakayeinunua baadaye atakuuliza kwa nini.

Nataka .17 Hornet. Nianze na bunduki ya .22 Hornet?

Ni mwanzo mzuri, kwa sababu ukingo ni ule ule na urefu wa risasi karibu ni sawa, kwa hiyo bolti na kasha vinabaki. Kinachobadilika ni mtutu mzima. Mtutu ni sehemu ya silaha kisheria, unahitaji kibali kuuingiza nchini kama bunduki yenyewe. Usiuagize mtandaoni kama unavyoagiza vipuri vya gari.

Tahadhari ya pili: kuna .17 Ackley Hornet, ya zamani zaidi, iliyotokana na fundi wa bunduki wa Marekani P. O. Ackley, na kuna .17 Hornet ya Hornady. Vipimo havilingani. Mwagize fundi kwa jina kamili, na jina hilo kamili lipigwe chapa kwenye mtutu.

Ya .22 LR niliyo nayo, haiwezi kutobolewa ikawa Hornet?

Tafadhali, hapana. Risasi ya .22 LR hupigwa na pini ukingoni mwa kitako, Hornet hupigwa katikati, kwa hiyo bolti ni tofauti tangu mwanzo. Na .22 LR ina kiwango cha psi 24,000, nusu ya Hornet au chini yake. Bunduki nyingi za .22 LR zinafungwa na mzizi wa mpini wa bolti peke yake. Siku ikikataa, bolti inakuja usoni.

Ukitaka kasi bila kutoka kwenye risasi za kupigwa ukingoni, tafuta .17 HMR iliyotengenezwa kiwandani. Ni ya mwaka 2002, shinikizo lake psi 26,000, na inarusha kichwa cha greni 17 kwa futi 2,550. Kwa shabaha za mita mia inaridhisha sana.

Kuna fundi wa jua kali Kamukunji mwenye mkono wa ajabu. Hawezi kunifanyia?

Namheshimu fundi huyo. Nimewaona wakikereza shafti za pampu zikatoka safi kuliko za dukani. Lakini kazi ya kutengeneza bunduki kwa malipo ni ya muuzaji au fundi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukimpelekea silaha asiye na usajili, umemkabidhi mtu asiye na leseni bunduki yako, na yeye umemtia matatani akiwa na familia ya kulisha. Wote wawili mnaingia kesi moja.

Hata aliyesajiliwa, muulize: Ana keekee ya kaliba hiyo, si ya kufanana? Ana geji zote mbili? Ana aloi ya kumiminia chemba? Atapiga chapa mpya? Mafundi wenye vifaa vya .308 wapo. Wenye keekee ya .218 Bee ni hadithi nyingine, na huenda ukaambiwa kifaa kiagizwe nje kwa gharama yako. Linganisha gharama hiyo na ya bunduki iliyo tayari kabla ya kuitikia.

Leseni yangu inasema .22 Hornet. Nikibadilisha chemba, kuna shida?

Leseni inataja silaha yenyewe, na risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Ukibadilisha kaliba bila leseni kurekebishwa, una bunduki isiyolingana na karatasi zako, na kila risasi mpya mfukoni mwako ni risasi usiyoruhusiwa. Utaratibu salama ni kuomba kwa maandishi kwanza, kupata kibali, kisha kazi, kisha kupeleka bunduki ikaguliwe na kumbukumbu zibadilishwe. Tangu ukaguzi mpya wa wenye bunduki ulioamriwa mwishoni mwa 2018, kumbukumbu zinaangaliwa kwa makini zaidi, na hilo ni jema kwetu sote.

Chapa ya mtutu nayo ibadilike. Ya zamani ikatwe kwa mstari, mpya iandikwe wazi. Siku moja bunduki hiyo itakuwa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kukuona.

Naweza kujaza maganda mwenyewe nyumbani?

Usianze bila kibali cha maandishi. Baruti na fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachoiwasha) si vitu vya kuhifadhi chini ya kitanda Umoja au Kilimani, na ghorofa ina majirani juu na chini. Kama huna uhakika wa kujaza, usichague K-Hornet wala kaliba nyingine yoyote ya kubuniwa na mafundi, ambayo haiuzwi ikiwa tayari.

Kazi imekamilika. Nitajuaje ni salama?

Uingereza, bunduki iliyobadilishwa chemba hurudi kwenye nyumba ya majaribio kabla ya kuuzwa, ipigwe risasi zenye shinikizo la ziada na kupewa muhuri. Kenya si mwanachama wa C.I.P., shirika la kimataifa la majaribio hayo, wala hatuna nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo muhuri wa Birmingham au wa Czechoslovakia ulio kwenye mtutu wako unahusu chemba ile ya zamani. Haujui lolote kuhusu hii mpya.

Ndiyo maana mipigo ya kwanza ifanywe uwanjani na fundi mwenyewe, bunduki ikiwa imefungwa kwenye kishikio na kifyatulio kuvutwa kwa kamba ndefu, kwa risasi za kiwandani za nguvu ya kawaida. Baada ya kila mpigo, ganda lichunguzwe. Fataki iliyobapaa kabisa au iliyochomoza inasema jambo. Pete inayong'aa ikizunguka ganda juu kidogo ya kitako inasema jambo baya zaidi: chuma cha ganda kinavutika na kuwa chembamba hapo. Chukua klipu ya karatasi, inyooshe, kunja ncha yake kidogo, iingize kwa mdomo wa ganda na uipitishe ndani ukutani karibu na kitako. Ikinasa kwenye mfereji, simamisha kila kitu. Masizi meusi shingoni pekee si ya kutisha sana kwa risasi ndogo kama Hornet, lakini yakifika begani na kushuka ubavuni, chemba imekatwa pana.

Omba maganda hayo ya kwanza, yaweke kwenye bahasha pamoja na kipande cha aloi cha chemba yako. Ndiyo kumbukumbu ya kazi.

Majedwali ya kwenye boksi yanalingana na Nairobi?

Karibu, si sawasawa. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa. Vichwa vyepesi vinavyopungua kasi haraka vinafaidika zaidi na hilo. Kwa mita 200 Hornet yako itapiga sentimita chache juu ya jedwali. Rekebisha darubini upya hapa hapa, na uirekebishe tena ukienda kupigia Pwani.

Bunduki ni ya kale na nzuri. Niibadilishe au niiache?

Kama mtutu wake ni mzima na chemba yake ni ya asili, iache. BRNO ZKW 465 ya Hornet ambayo haijaguswa haitengenezwi tena, na ukishaikata hakuna wa kukurudishia. Agizeni risasi za Hornet wawili au watatu kwa pamoja kupitia muuzaji mmoja, kila mmoja ndani ya kiasi cha leseni yake. Wauzaji husikiliza wateja wakija kwa kundi.

Kama mtutu umeliwa na kutu, au chemba ilishaharibiwa na fundi wa zamani, hapo kuna sababu ya kweli. Omba kibali cha mtutu mpya kwa kaliba ile ile iliyo kwenye leseni. Mtutu wa zamani usitupwe wala usiuzwe kama chuma chakavu. Ukabidhiwe pamoja na maombi, uandikiwe stakabadhi.